Maziwa Ambayo Lemayian Hakuyanywa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa daftari, penseli na saa ya kupimia muda wa kila shoti, nikasimamishwa kando ya kamera kwenye jua la Kajiado. Mwongozaji wa filamu hiyo, mzee mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliniambia, "Mama, nimeajiri macho yako. Mdomo uache nyumbani." Nikauacha, ingawa wanaonijua hawataamini.

Kazi yenyewe iliitwa mwendelezo. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio mnaouona kwenye skrini. Harusi inaweza kurekodiwa Jumatatu na uchumba Ijumaa. Mtu wa mwendelezo huandika shuka ilifungwa bega gani na kikombe kilijaa kiasi gani. Akisinzia, mtu anaingia mlangoni na viatu, anatokea upande wa pili miguu mitupu. Hilo lilinipata kwenye filamu yangu ya pili, na mtayarishaji alinikumbusha mpaka nikachoka.

Lemayian nilimkuta kwenye filamu yangu ya mwisho. Ni kijana wa Kitengela, ila likizo zote alichunga mbuzi za babu yake karibu na Illasit. Alianzia maigizo ya kanisa, akapata matangazo mawili, kisha tamthilia ya runinga ambako kazi yake ilikuwa kufungua geti tu. Lakini alilifungua kwa namna ambayo watu walimkumbuka. Sasa alikuwa amepewa uhusika mkuu: mvulana anayepita jandoni na kurudi kwa mama yake akiwa moran, shujaa kijana wa Kimaasai.

"Nikiharibu hii, Mama Njeri, narudi kwa geti," aliniambia. Alitabasamu, lakini alikuwa na hofu.

Siku ya kurekodi kurudi nyumbani, skripti ilisema mama anampa kibuyu cha maziwa, naye anakunywa yote huku mama akimtazama. Kamera ilipowaka kwa teki ya kwanza, Lemayian alikipokea kibuyu, akakiweka chini. Ya pili, vivyo hivyo. Mwongozaji wa filamu hii, kijana msomi wa Nairobi, akavua kofia.

"Shida ni gani? Umetembea siku mbili, uko na kiu. Kunywa."

"Moran hanywi maziwa peke yake, bosi. Lazima akuwe na mwenzake wa rika. Babu akiona hii atafunika uso."

"Babu hayuko kwa skripti. Kuna kijana Kiserian anataka hii nafasi. Nimwite?"

Lemayian alikiinua kibuyu mpaka karibu na midomo. Nilimhurumia sana. Mimi Mkikuyu wa uji, desturi hiyo sikuijua, lakini nilikumbuka kitu. Nikafunua daftari. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumerekodi mzee akiwaambia vijana waliotoka jandoni, "Kuanzia leo hakuna wa kula wala kunywa peke yake."

Nikaufungua mdomo. "Bosi, hilo ni kosa la mwendelezo. Akinywa leo, watu watasema mimi nililala."

Mwongozaji alisoma ule ukurasa, akausoma tena. Kisha akamuuliza Lemayian, "Wewe ungefanya nini?"

"Ningekishika tu. Mama ataelewa."

Teki ya tatu alikishika kwa mikono miwili, akatazama mlangoni kama anayemngoja mwenzake. Yule mama akaelewa kwamba mtoto wake hayupo tena. Alilia bila kuambiwa alie. Mimi nilisahau hata kuzima saa.

Filamu hiyo ilimpandisha. Siku hizi namwona kwenye mabango, na namshukuru Mungu kwamba kazi yangu iliishia pale na si kwenye vile viatu. Nilistaafu, nikabaki peke yangu huko Kitengela katika nyumba ambayo watoto wameihama.

Mwezi uliopita Lemayian alikuja kunisalimia. Nikamtilia chai ya maziwa, nikarudi jikoni. Nilipotoka, macho ya kazi yaliona kikombe kiko vile vile, chai imefanya utando.

"Ni mbaya?"

"Sijaonja. Yako iko wapi, Mama?"

Yangu ilikuwa kando ya sinki, ninakoinywea siku zote nikiwa nimesimama. Nikaileta, nikaketi. Ndipo akanywa.