Mfuniko Ulioitika

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, tukiishi watu watano katika chumba kimoja Kangemi, Nairobi, nilimpa ndugu yangu jina la mtu aliyekufa, na nilifanya hivyo kwa mfuniko wa sufuria. Watu wazima waliokuwa chumbani waliamini ni wafu waliofanya kazi ile. Sikuwasahihisha. Nimekaa kimya karibu miaka ishirini sasa, na kimya hiki kimenichosha.

Ndugu yangu aliitwa Simiyu. Alizaliwa wakati wa kiangazi, na kwetu Bungoma mtoto wa kiangazi huitwa hivyo, jina lake halitafutwi mbali. Alikuwa na miaka minne na hajasema neno hata moja. Ungesimama nyuma yake umwite, asigeuze hata shingo. Lakini kiziwi hakuwa. Ukifungua pakiti ya biskuti nje ya mlango, alikuja. Na ule mfuniko mkubwa wa sufuria ya maharagwe ulipoanguka sakafuni, ukazunguka kwa ukingo wake ukilia mpaka ukatulia, Simiyu aliacha kila kitu, akageuka na kucheka. Mimi ndiye niliyeligundua hilo. Kila jioni nikitoka shule nilimzungushia mfuniko, yeye acheke, na mimi nijione mtu wa maana.

Neno usonji hatukuwa nalo. Majirani walikuwa na maneno yao, na sina haja ya kuyarudia. Jirani wa mlango wa tatu alimrudisha mtoto wake ndani kila Simiyu alipotoka uani, kana kwamba kunyamaza kunaambukiza.

Mama alifanya kazi za nyumbani Kileleshwa, kwa mwanamke tuliyemwita Mama Terry. Siku moja Mama Terry alimwambia aje kazini na mtoto. Akamtazama asubuhi nzima akipanga vijiko kwa mstari kwenye sakafu ya jikoni, halafu akamweleza mama kwamba mjini kuna kituo ambako watoto wa namna hiyo hupimwa na kutafutiwa shule. Alipiga simu yeye mwenyewe. Tulingoja miezi mingi, kisha ikaja barua: Alhamisi, saa mbili asubuhi, mtoto aitwaye Simiyu. Kulikuwa na nafasi moja katika darasa maalum la shule moja ya msingi upande wa Dagoretti, na mwalimu wa kufundisha watoto kuongea alikuwa akifika pale mara mbili kwa wiki.

"Hiyo siku usikose," Mama Terry alimwambia. "Hao watu wakiita jina na hakuna mtu, wanaita ingine."

Mama aliiweka barua ndani ya Biblia. Nilimwona akiitoa mara kwa mara, akipitisha kidole chini ya jina la Simiyu, kisha akiirudisha palepale.

Jumapili kabla ya ile Alhamisi, Kukhu akafika. Hivyo ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na huyu alikuwa mama yake baba. Baba, aliyekuwa fundi wa mawe kwenye mijengo, ndiye aliyemwita, na hakuwa amemwambia mama. Kukhu hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alishuka na jogoo kwapani na mkungu wa ndizi, akatukumbatia wote, akaketi nyuma ya Simiyu na kumwita mara tatu. Simiyu aliendelea kuvuta uzi wa mkeka.

"Huyu mtoto hajaitwa bado, Mama Nekesa," Kukhu akamwambia mama, kwa jina langu mimi kifungua mimba. "Ndio maana haitiki."

Kwetu, mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee huketi naye wakataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Likitajwa jina na mtoto akanyamaza, basi mwenye jina hilo ndiye anayetaka kukumbukwa. Kukhu alisema Simiyu alizaliwa hospitalini huku mjini, akaandikwa jina la msimu haraka haraka, na hakuna aliyewauliza wafu wenyewe. Yule mfu aliyemtaka mtoto alikuwa amekasirika, akamfunga masikio na ulimi. Nilikuwa na akili ya miaka kumi na maelezo hayo yalinitosha kabisa. Haitiki jina lake kwa sababu si lake. Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu usonji, na hakuna hata moja lililo jepesi hivyo.

Tulifanya mambo hayo alasiri, tulipotoka kanisani. Hakuna aliyeona ajabu. Simiyu aliketi kwenye mkeka akitazama ukuta. Kukhu aliketi nyuma yake, baba akawa kitandani, mama akasimama mlangoni amekunja mikono. Mimi nilikuwa kwenye pembe ya vyombo, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.

"Wanyonyi," Kukhu akaita. Alisubiri. "Kundu." Akasubiri tena. "Barasa. Makokha. Wamalwa."

Uzi wa mkeka ulikuwa umefika urefu wa mkono. Kukhu alizidi kutaja, wa upande wa babu, wa upande wake, hata mabinamu. Sauti yake ilianza kukwaruza. Mwishowe akanyamaza, akamgeukia baba.

"Kama hakuna mtu wetu anamtaka," alisema polepole, "basi mimi sijui huyu ni wa nani."

Baba akamtazama mama. Mikono ya mama ilishuka. Hata kwa umri ule nilijua maneno yale yalikuwa yanaelekea wapi. Kule Kangemi nilikuwa nimeshaona mwanamke akitupiwa nguo zake nje kwa shaka ndogo kuliko ile.

"Imebaki moja," Kukhu akasema. Likawa jina la ndugu wa babu, aliyekuja Nairobi kutafuta kazi zamani akapotea, asizikwe nyumbani. "Masinde."

Nikausukuma mfuniko.

Ulianguka kwenye saruji, ukazunguka ukilia. Simiyu akaachia uzi, akageuka, na uso wa kwanza aliokutana nao ukawa wa Kukhu. Akacheka. Alicheka kile kicheko chake chote, chenye mabega na miguu. Kukhu akamvuta kifuani akalia machozi, na baba naye akafuta macho kwa kofia. Mfuniko waliusikia, bila shaka. Kukhu alisema hata vyombo vimemtambua.

Nilifurahi sana. Hilo ndilo jambo gumu kuliandika. Nilidhani nimemwokoa mama, na labda nilimwokoa. Sikujua kwamba jina likishapatikana lina masharti.

Sharti la kwanza, jina la zamani lisitajwe tena wala lisiitikiwe. La pili, mtoto apelekwe nyumbani mara moja, jogoo achinjwe na Masinde aambiwe kwamba amesikika. Kabla ya hapo asipelekwe kwa watu wasiomjua.

"Lakini Alhamisi tunangojwa huko mjini, Mama," mama akamwambia Kukhu. "Na barua imeandikwa Simiyu."

"Basi hiyo barua si ya huyu mtoto."

"Tukienda kuitikia hilo jina, tunaharibu kila kitu," baba akasema. "Umeona na macho yako vile amegeuka. Hao wa mjini watafanya nini kushinda hiyo?"

Mama alinitazama. Nilitazama chini. Kisha akaenda kuinjika chai, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatano tukasafiri kwenda Bungoma. Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye umande nyuma ya nyumba ya Kukhu, nikitazama jogoo akichinjwa. Mahali fulani mjini mtu alisimama mlangoni na karatasi akaita Simiyu, akangoja kidogo, akaita mtoto mwingine.

Tuliporudi Nairobi tulimwita Masinde wiki nzima, halafu mwezi mzima. Hakugeuka. Kukhu alituma ujumbe kwamba tusubiri, jina linachukua muda kumkaa mtu. Mama alipokwenda kituoni kwa siri aliambiwa nafasi ya Dagoretti imepata mtu, na kwamba aanze tena mwishoni mwa foleni. Mama Terry hakumfukuza kazi, lakini simu hakupiga tena. Alisema yeye alishafanya sehemu yake.

Sasa nitasema kilichofuata. Hapakuwa na mtu wa kukaa na ndugu yangu mchana. Baba alikuwa mjengoni, mama Kileleshwa, mimi na mdogo wangu anayenifuata shuleni. Alipotoka mara mbili na kukutwa karibu na barabara kuu ya Waiyaki Way, mama akaanza kumfunga mguu kwenye kitanda kwa leso. Alichagua leso laini kuliko zote. Mimi ndiye niliyekuwa nikija saa ya chakula cha mchana kumfungua, kumbadilisha nguo, kumlisha, na kumfunga tena. Fundo nilifundishwa na mama. Hadi leo kifundo cha mguu wake wa kushoto kina ukanda wa ngozi nyeusi iliyokufa. Alipiga kelele mchana kutwa miaka ile, na tulikubali kwamba ndivyo alivyo.

Alipata shule akiwa na miaka kumi na mmoja. Tulimpeleka mimi na mama. Mwanamke aliyempima alifungua faili na swali lake la kwanza lilikuwa: "Mkimwita kwa jina, huwa anageuka?" Mama akashika ukingo wa meza. Mwanamke yule akaeleza, bila haraka, kwamba ni dalili ya kawaida kabisa, ya kwanza ambayo wazazi wengi huiona.

Katika darasa lile walimpa kadi ndogo zenye picha. Muhula haukuwa umeisha alipomshika mwalimu mkono akampa kadi yenye picha ya kikombe. Alikuwa anataka maji. Mwalimu alitusimulia kama habari njema, na ilikuwa njema, lakini mimi nilitoka nje nikatapika kwenye ua wa shule. Miaka yote ile ya kelele kando ya kitanda, huenda mara nyingi ilikuwa kiu tu.

Baba na Kukhu wameshafariki. Mwaka jana, mimi na mama tukichambua mchele, nilijikaza nikaanza kumweleza. Sikufika mbali.

"Ule mfuniko," akasema bila kuinua macho. "Nilikuona."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Baba yako alikuwa ameshaniangalia." Alitoa jiwe kwenye mchele, akaliweka kando. "Wewe ulikuwa mtoto, Nekesa. Mimi nilijua, na nikaacha siku ipite. Usinichukulie hiyo lawama."

Kwa hiyo hata hatia yenyewe si yangu peke yangu, na sijui kama hilo limenipunguzia au limeniongezea. Kukhu alikuwa akimtafuta mtu wake kwa njia aliyorithi, na alimtafuta kwa moyo. Mama alilinda nyumba yake. Mimi nilimlinda mama. Hakuna aliyemchukia yule mtoto, na aliyelipa ni yeye.

Ndugu yangu anaishi nami sasa, Kangemi hiyohiyo. Kwenye kitambulisho ni Simiyu, kwa jamaa wa nyumbani ni Masinde, na yeye haitiki lolote kati ya hayo mawili. Anazo kadi zake shingoni kwenye kamba. Akinipa ile ya kikombe naacha chochote ninachofanya, hata nikiwa na wageni, nakwenda kuleta maji mbio. Wageni husema si lazima nikimbie, atangoja. Najua atangoja.