Nilizima Simu Nisisikie Matokeo

Ndugu msomaji, mkosaji ni mimi. Sina shetani wa kumsingizia, sikulishwa kitu, na pombe siijui hata harufu yake. Nililolifanya nililifanya na akili zangu timamu, tena nikicheka. Jina langu nalificha, na ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Wateja wangu wakubwa wanatoka mikoani, na Jumamosi ndiyo siku yao ya kufunga mizigo. Hawakuachi upumue. Na Jumamosi hiyo hiyo jioni ndipo mpira mkubwa unapochezwa! Miaka mingi nilikuwa nasikia goli kwa kelele za majirani tu, nami niko dukani nakunja vitenge vya watu.

Basi fundi mmoja wa madishi akaniletea king'amuzi kinachorekodi. Unakitegea asubuhi, unaenda zako kazini, mpira ukichezwa chenyewe kinauhifadhi. Ukirudi nyumbani unaangalia tangu filimbi ya kwanza. Goli unalirudia upendavyo. Na ukitaka unausimamisha mpira katikati, mshambuliaji yuko hewani, unaenda kuswali, unarudi unamkuta pale pale anakusubiri. Jamani, nilikipenda kile kidude! Mama watoto alikuwa akisema nimeoa mke wa pili nikamweka sebuleni.

Lakini anayerekodi mpira hatakiwi kujua matokeo. Ukishaambiwa, utamu wote umekwisha. Sasa siku watani wa jadi wanacheza, Kariakoo hii utajificha wapi? Nikajiwekea masharti. Simu nazima kabla mpira haujaanza. Nikifunga duka natia pamba masikioni, nashika vichochoro, nakatiza Mnazi Mmoja kichwa chini mpaka nyumbani.

Mtaa wote ukanijua. "Mzee wa Kurekodi huyo! Mwambieni!" Watu wazima wananinyooshea vidole viwili, vitatu, nisijue kama ni magoli ya kweli au wananizuga. Kinara wao alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, anayeishi nyumba ya pili kutoka kwangu. Timu yake ni ile nyingine.

Safari moja aligonga mlango wangu kama mtu aliyefiwa. "Shemeji, fungua! Si mpira, wallahi! Dukani kwako kunaungua!" Nikatoka mbio, miguu peku. Akanisogelea sikioni akasema, "Mmekula mbili," akatimua mbio. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Utani wetu ndivyo ulivyokuwa, na mimi nilishamfanyia makubwa zaidi ya hayo. Ila nikaapa kwamba siku ya mpira mlango wangu haufunguki tena, aje nani, aseme nini.

Sasa nikwambie habari za mama.

Mama yangu alikuwa akiishi Kigamboni kwa dada yangu. Presha ilikuwa inamsumbua, inapanda, inashuka, tukaizoea. Wiki ya mechi ya watani alinipigia simu. "Mwanangu, njoo Jumamosi. Mwili wangu siuelewi."

Nilikuwa na wateja mbele yangu. Masikio ya mama yalikuwa mazito, kwa hiyo nikamjibu kwa kupaza sauti, "Mama, wewe kila siku unaumwa! Jumamosi nina kazi. Nitakuja Jumapili!"

"Haya, baba," akasema, simu ikakatika.

Wateja walinitazama. Nikaona haya, lakini haya ya dakika mbili. Nikajiambia Jumapili nitavuka, nitamshika miguu, nitamwomba radhi. Sisi tuliolelewa pwani tunajua radhi ya mama ni kitu gani. Uswali, ufunge, uhiji, mama akiwa na kinyongo nawe huna pa kushika. Nilijua yote hayo, na bado nikaiweka kwenye ratiba baada ya mpira.

Jumamosi ikafika. Nikategesha king'amuzi asubuhi, jioni nikazima simu. Baada ya magharibi nikafunga duka, nikatia pamba masikioni. Nikiwa nakata kona nikamwona Mangi, mwenye duka linalopakana na langu, ananikimbilia na simu mkononi, ananipungia. Nikasema moyoni, hata Mangi leo! Nikaongeza mwendo, nikampotelea kwenye mikokoteni.

Nyumbani mama watoto hayupo, watoto hawapo. Sikushangaa. Siku za mechi huwa anawachukua wanaenda kwa jirani, niangalie mpira wangu kwa raha. Nikatoa pamba masikioni, nikavaa jezi, nikafunga mlango kwa komeo, nikaanza.

Hata robo ya mchezo haijafika, mlango ukagongwa. Shemeji!

"Shemeji, fungua!"

"Usiniambie!" nikapiga kelele. "Usiniambie kitu!"

"Si mpira, wallahi! Mama amezidiwa! Wanakuita Kigamboni!"

Nililisikia hilo neno, ndugu yangu. Nisikudanganye kwamba kelele zilizidi. Nilisikia "mama", nikasikia "amezidiwa". Unajua nilimjibu nini? Nilicheka! Nikamwambia, "Leo umeona umuue mama yangu ili unipe matokeo? Huna haya wewe!" Nikachukua rimoti nikaongeza sauti mpaka madirisha yakatetemeka.

Aligonga sana. Aligonga dirishani pia. Kisha kukawa kimya, nikajisifu kwamba leo nimemshinda.

Na kinachoniua mpaka leo ni hiki. Kipindi cha pili kilipoanza niliusimamisha mpira nikaenda kuchemsha chai. Niliweza! Kitufe kimoja tu, watu ishirini na wawili wakanisubiri nikoroge sukari. Ningeweza kubonyeza kitufe hicho hicho shemeji alipokuwa mlangoni, nikasikiliza, mpira usingepungua hata dakika moja. Mama ndiye aliyekuwa hana wa kumsimamishia saa yake.

Tulishinda. Nikafungua mlango nikicheza, jezi nimeivuta mpaka usoni, natafuta shemeji nimzomee. Nikamkuta. Amekaa kibarazani kwangu pamoja na wazee wawili wa msikitini, wameinamisha vichwa. Nikaendelea kucheza hatua moja, mbili. Mmoja wa wazee akanishika mkono.

"Inna lillahi, mwanangu. Mama ametangulia."

Shemeji alikuwa analia. Akaniambia mama watoto ameshavuka tangu jioni na watoto, yeye aliachwa aningoje mimi. "Nilikwambia, shemeji," akasema. "Nilikwambia." Hata hakunigombeza.

Tulivuka Magogoni kwa pantoni. Pantoni yote ilikuwa inaimba. Mtu mmoja aliiona jezi yangu akanikumbatia, "Tumewapiga, mwanangu! Tumewapiga!" Nikamwachia anikumbatie. Machozi yalinitoka, naye akadhani ni ya furaha.

Nilijua ninachokwenda kukuta. Dada yangu angenitukana, na nilitaka anitukane. Nilitaka anipige mbele za watu, pengine ningepumua.

Lakini dada akanikimbilia akanikumbatia! "Alhamdulillah," akasema, "alhamdulillah alikupata!"

Sikuelewa. Akanivuta ukumbini, akanieleza. Jioni nzima walikuwa wananipigia, sipatikani, mpaka wakampigia na Mangi anitafute. Mama akawa anasema, "Mwiteni, nina neno lake." Mwisho akaiomba simu ampigie mwenyewe. Dada akapiga, akamwekea sikioni, kisha wageni wakabisha hodi, akatoka kuwapokea. Akiwa ukumbini akamsikia mama nyuma ya pazia anazungumza. Taratibu, muda mrefu. Dada akashukuru Mungu kwamba nimepokea. Aliporudi, mama akampa simu. "Nimeshamwambia," akasema. "Sasa mwacheni, msimsumbue." Hakusema jingine la maana baada ya hapo.

Nikaipapasa simu yangu.

Mama hasikii vizuri! Kwenye simu, usipompigia kelele, yeye hakungoja kujibiwa. Akishawekewa sikioni anaanza kusema, akimaliza anarudisha. Sote tulikuwa tunamcheka kwa hilo. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwangu, imezimwa kama jiwe. Lile neno langu, mama alilisema lote, tena kwa utulivu, kwa mtu ambaye hayupo.

Dada akaniuliza, "Alikwambia nini?"

Mashangazi wamenikodolea macho, mama watoto amenikodolea macho. Na hapa ndipo ungamo langu lilipo hasa, kwa sababu la kwanza watu wanalijua nusu, hili halijui mtu.

Nikasema, "Amenipa radhi."

Ukumbi mzima ukasema alhamdulillah. Shangazi akanishika kichwa akalia, akasema nina bahati kuliko watoto wote. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Aliijua televisheni yangu ilivyokuwa ikiunguruma. Aliniangalia, kisha akatoka nje. Mpaka leo hajanifichua, na mpaka leo hajanitania tena.

Nilidhani uongo huo utaishia msibani. Thubutu! Siku ya khitma mdogo wangu aliyeko Muscat akapiga simu. Yeye alikuwa hajaelewana na mama tangu aondoke. Akaniuliza kwa sauti ya mtoto, "Kaka, mama alinitaja?" Ningesema nini? Nikasema alikutaja, alisema amekusamehe. Akalia sana. Sasa kila mwezi anatuma sadaka kwa jina la mama, moyo wake mweupe, kwa maneno niliyoyatunga mimi nikiwa nimesimama kando ya ndoo za maji ya udhu. Dada naye kila jambo la familia likiwa gumu anasema, "Tumuulize kaka, yeye ndiye aliyeachiwa neno." Wananisikiliza! Mimi, niliyeongeza sauti ya televisheni!

King'amuzi nilimrudishia fundi bure. Akaniuliza kina ubovu gani, nikamwambia hakina ubovu. Kilihifadhi kila nilichokiambia. Sauti ya mama haikuhifadhiwa popote.

Usiku nalala nayapanga maneno yake. Siku nyingine nasema alinisamehe, kwani ni mama. Siku nyingine naikumbuka ile "Haya, baba," naona alikuwa na haki ya kunilaani na labda alinilaani. Sijui. Sitajua mpaka tukutane, na siku hiyo naiogopa.

Nyinyi mlio na mama, simu zenu zisizimwe. Mpira utachezwa tena, tamthilia zitarudiwa, hata usiporekodi kuna atakayekuhadithia. Mtu akigonga mlango wako, mfungulie, hata kama ni mtani wako mkubwa na amekudanganya mara mia. Ukifungua ukadanganywa, umepoteza mchezo mmoja. Na mzazi akikuita, usimpangie siku, wala usimpandishie sauti mbele ya wateja. Mwombe radhi leo, kwa mdomo wako, uisikie ikikurudia kwa masikio yako.

Na wewe dada yangu, najua unasoma kurasa hizi, na najua ukifika hapa utakuwa umeshanitambua. Nisamehe. Mama hakunipata. Sikusikia hata neno moja.