Ndege Wembamba wa Wifi Tukumeq

Wageni wakifika kwetu huziba pua kabla hata kiviaq haijafunguliwa. Hao hawaniudhi, hawajui walisemalo. Kinyaa nilicho nacho mimi ni cha jambo jingine, na nitalisema lote, maana mkono wangu ulikuwemo.

Ngozi nzima ya sili, mafuta yake yakiwa bado yameshikamana nayo kwa ndani, unaishindilia ndege wadogo mia nne na ushei, na manyoya yao na midomo yao. Unaishona, unaifukia kwa mawe, unaiacha miezi mpaka ndege waive wenyewe kwa mafuta. Hiyo ndiyo kiviaq, na bila hiyo sherehe haijawa sherehe. Kijijini kwetu, kwenye barafu ya kaskazini kabisa, kupita mji wa Qaanaaq, fundi wake alikuwa wifi yangu Tukumeq, dada mkubwa wa mume wangu. Sisi wengine tulikuwa tunabahatisha tu.

Alikuwa na mdomo, Tukumeq. Siku niliyoolewa alishika glavu nilizoshona akazigeuza huku na huku. "Wifi, hizi umeshona au umetafuna?" Miaka thelathini nimekula maneno yake, na nimekula kiviaq yake pia, kwa hiyo nilimsamehe kila majira ya baridi.

Julai ile tulipanda naye mlima wa mawe wanakotaga ndege. Kiviaq ya mwaka huo haikuwa ya mchezo: mjukuu wake Benigne angepata kipaimara mwezi wa Aprili, na Tukumeq alikuwa ametangaza kwamba baada ya sherehe hiyo atamwachia mtoto wavu wake na ufundi wake wote. Alikaa nyuma ya ukuta wa mawe, kundi likapita juu, akainua wavu kwa mpini wake mrefu, akashusha ndege watatu kwa mkupuo. Akawafunga mbawa mgongoni, akafinya kifua cha wa kwanza kumuua. Akafinya tena.

"Kimejaa mfupa," akasema.

Ndege hao hubeba chakula cha kinda kwenye kifuko kooni, uji mwekundu wa vidudu vya baharini. Zamani ukikipasua kwa kidole, mafuta yake yalikataa sabuni siku nzima. Tukumeq alikipasua, akajifuta kwenye suruali, na kidole kikawa kikavu pale pale.

"Maji matupu, wifi. Wamekunywa maji."

Bondeni kulikuwa na hema la Ditte, mtafiti Mdenishi anayekuja kila kiangazi na vichupa vyake kukusanya uji huo. Lugha yetu anaizungumza kama mtu mwenye kokoto mdomoni, lakini anaeleweka. Tukampelekea vifuko. Akachungulia kwenye darubini yake, akatuita na sisi tuchungulie.

"Vidudu hawa wakubwa ndio wenu, wa maji baridi," alisema. "Mama zao hutaga mayai kilindini, gizani, wakati hakuna chakula. Hutaga kwa mafuta waliyojiwekea. Maji yakipata joto, mafuta yanaungua kabla ya kutaga. Anayewahi kutaga, watoto wake wanakuja juu wanakuta barafu ilishavunjika mapema, na majani madogo yaotayo chini ya barafu, chakula chao, yalishaliwa yakaisha. Na hawa wadogo wamepanda na maji ya joto kutoka kusini. Wanazaana sana, ila hawana mafuta."

Tukumeq alibaki ameinama kwenye darubini. "Kwa hiyo bahari imeharibu mimba," akasema.

"Unaweza kusema hivyo. Inasikitisha. Lakini kitaalamu inavutia sana."

Inavutia! Nilitamani kuvimwaga vichupa vyake vyote. Mtu amepewa habari ya msiba, naye anaona inavutia. Tukumeq alichukua wavu wake akarudi mlimani. Tulinasa ndege wiki nzima. Mume wangu Qulutana akanasa, mimi nikanasa. Tulifikisha mia nne, lakini kwa wembamba wao ngozi haikujaa.

Ngozi isiyojaa inabaki na hewa, na hewa ndiyo inayooza vibaya. Kila mtoto wetu anajua hilo. Na kila mtoto anajua la pili: usichanganye bata-bahari na ndege wale. Bata ni mkubwa, manyoya yake yanashika hewa, haivi bali anaoza, na sumu yake huijui mpaka umeshameza. Tukumeq ndiye aliyenifundisha, tena kwa matusi.

Asubuhi ya kushona nilimkuta na bata sita miguuni.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Shika mdomo wa ngozi."

"Wifi, wewe mwenyewe—"

"Nataka wakute ngozi imejaa! Wakute nini, mfuko umenywea? Mbele ya mjukuu wangu? Hawa sita wanakaa katikati kabisa, mafuta yatawafikia. Shika."

Nikashika. Hilo ndilo linalonitia kinyaa mpaka leo. Nilishika mdomo wa ngozi kwa mikono miwili, akawasukuma ndani mmoja mmoja, tukapanda juu tukaikanyaga kutoa hewa, tukapaka mafuta, tukaweka mawe. Majira yote ya baridi nilimpa mume wangu chai na sikumwambia neno.

Aprili mchungaji akaja kwa helikopta. Kutoka kanisani tulikusanyika nje ya nyumba ya Tukumeq, maana kiviaq hufunguliwa nje. Benigne alikuwa na viatu virefu vyeupe vya ngozi na shanga mabegani, mzuri kupita kiasi. Kisu kikapita kwenye mshono.

Harufu ya kiviaq naijua, ni kali, inakupiga kichwani na mate yanakutoka. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa tamu, ya choo, ya kitu kilichokufa chini ya sakafu. Niliwaona watu wanatazamana. Hakuna aliyeilaumu, kwa sababu ilikuwa ya Tukumeq, na mtu mwenye heshima hamkosoi fundi mezani pake. Mzee mmoja akasema, "Imeiva hii," huku macho yakimtoka machozi. Uongo mtupu, na kila mmoja akauitikia kwa kichwa.

Ndege wa kwanza ni wa mwenye sherehe. Tukumeq akachomoa mmoja kutoka katikati, akampa Benigne. Hakumtazama usoni. Mtoto akashukuru, akaanza kunyonyoa manyoya kama alivyofundishwa, akafungua mdomo.

"Tupa!" nikasema. "Benigne, tupa hiyo! Humo ndani kuna bata-bahari. Sita. Mimi ndiye niliyeshika ngozi."

Qulutana alinitazama kama hanifahamu. Benigne akamgeukia bibi yake.

Nilidhani Tukumeq atanikana, na watu wangemwamini yeye. Akamnyang'anya mtoto yule ndege.

"Ni kweli," akasema. "Ndege walikuwa wembamba. Niliona haya."

"Mficha uchi hazai, wifi," nikamwambia, na sauti yangu yenyewe ilinichukiza.

"Hata bahari haizai," akanijibu. "Nishikie upande huo."

Tukaiburuta mimi na yeye hadi kwenye ufa wa barafu, tukaitumbukiza. Ndege mia nne. Mikono yetu ilinuka siku nne, na sikujitahidi sana kuiosha.

Tuliporudi watu walikuwa ndani wanakunywa kahawa kwa adabu. Benigne alikuwa mlangoni bado na viatu vyake vyeupe.

"Bibi," akauliza, "sasa utanifundishia ndege gani?"

Tukumeq alifungua mdomo, na mimi nikangoja, maana katika miaka thelathini sijapata kumwona akikosa neno. Alikwenda mezani akamkatia kipande cha keki ya dukani, akamshikisha sahani, akasimama mbele yake mpaka mtoto akala.