Fundi Nakuja na Waya wa Juu ya Dari

Mtu akikuambia "nakuja" huku anakupa mgongo, maana yake anaondoka. Sote tunalijua hilo na hakuna anayegombana nalo. Mwenzako ananyanyuka kitini, anatia simu mfukoni, anasema "nakuja", nawe unajua umeachwa hapo na chai yako. Lakini wengi wetu hurudi. Fundi wa umeme wa mtaa huu alikuwa harudi, ndiyo maana wakamwita Nakuja, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mama mkwe wake, ambaye hata hivyo hakumpenda.

Tusimwonee bure. Kazi aliijua. Aliweza kuinusa swichi kuukuu akakwambia ugonjwa wake kabla hajatoa bisibisi. Alipenda kazi inapoanza: kupanda ngazi, kutoboa ukuta, kuvuta waya ndani ya bomba huku akipiga mluzi. Kumaliza ndiko kulikomshinda. Kwake mwenyewe, swichi ya sebuleni ilikaa miaka sita bila kifuniko, waya nje nje, hadi mke wake akabandika karatasi ukutani: "Usiguse, fundi anakuja." Wageni walicheka. Yeye pia alicheka, akaahidi kuishughulikia Jumamosi.

Tabia hiyo alitoka nayo utotoni. Mama yake alipomwita alfajiri aamke akateke maji, aliitika kwa sauti nzuri kabisa, "Nakuja, mama!", akavuta shuka mpaka kichwani. Mama angeita mara ya pili, mara ya tatu, kisha angeshika ndoo aende mwenyewe. Hivyo mtoto akajifunza kwamba ukiitika vizuri unahesabiwa adabu, na kwamba kazi usiyoifanya ataifanya mwingine. Kwa bahati mbaya, miaka arobaini ilipita na mambo yakawa hivyo hivyo kila mara.

Sasa njoo kwenye mwezi wa tatu. Mwisho wa mtaa kuna shule ya chekechea ya mama mmoja mjane, ambaye baada ya kufiwa aliigeuza nyumba yake kuwa mahali pa kulelea watoto. Watu humwita Mama Mlezi. Ana watoto ishirini na wawili, hakuna aliyefika miaka sita. Alimwita Nakuja amtilie umeme kwenye chumba cha nyuma alichotaka kukifanya jiko: taa moja na soketi moja, basi. Fundi akapanda juu ya dari, akavuta waya mnene unaotakiwa, na zikiwa zimebaki hatua mbili waya ukaisha. Begini alikuwa na kipande cha waya wa spika, ule mwembamba, mwekundu na mweusi, ambao kazi yake ni kupitisha muziki. Akauunga hapo, akaukaza kwa vidole, akauzungushia tepu nyeusi. Kiungo hicho akakilaza juu ya mbao, pembeni ya maboksi ya makaratasi ya marehemu, juu kabisa ya chumba ambacho watoto hulala mchana.

Taa ikawaka. Alijua vizuri kwamba waya ule haukuwa wa kazi ile.

"Umemaliza, fundi?" Mama Mlezi aliuliza.

"Kimebaki kitu kidogo tu, mama. Kwa taa na redio haina neno. Jumatatu nabadilisha. Nakuja."

Akaondoka.

Hapa ndipo Mungu alipoingia, na mimi sitajitia kujua jinsi Mungu anavyosema na watu. Nasimulia alivyosimulia mwenyewe. Jumanne yake, akiwa kwenye sala ya asubuhi, macho amefumba, alikiona kile kiungo. Aliiona tepu ikianza kubanduka ukingoni. Kisha likamjia neno moja, si kwa masikio, lilimkaa tu kifuani: Nenda. Naye akaitika kwa heshima zote, "Ndiyo, Mungu wangu, nakuja," akanyanyuka, akanywa chai, akaenda kufunga feni mtaa wa pili.

Neno likawa linarudi kila siku, mwezi wa nne, mwezi wa tano. Lilimkuta bafuni, likamkuta kwenye foleni ya mkate. Kila mara aliitika. Na kwa kuwa lilikuwa linamsumbua, akazidisha ibada. Akawa wa kwanza kufika kwenye nyumba ya ibada, akajitolea kutengeneza vipaza sauti, akasali sala ndefu mpaka wenzake wakawa wanamsubiri nje wakitazama saa. Walimsifu kwamba amebadilika. Mimi nasema alikuwa anampiga chenga Mungu ndani ya nyumba ya Mungu mwenyewe.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, wakiwa mezani, mke wake akasema kama anayesema habari za hali ya hewa, "Mama Mlezi kanunua jiko la umeme. Lile la plati mbili. Anasema gesi imemchosha."

Kijiko cha Nakuja kikasimama katikati ya sahani na mdomo.

"Kaliweka wapi?"

"Jikoni kwake, si pale ulipomtilia soketi? Mbona umebadilika hivyo?"

Akamwambia. Alimweleza yote, waya wa spika, tepu, maboksi, na lile neno la kila asubuhi. Mke alisikiliza hadi mwisho, mkono kashika shavu.

"Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

"Kesho asubuhi na mapema, mama watoto. Nanunua waya mzuri, nakwenda."

"Kila siku unamwambia Mungu unakuja. Kwani amekuuliza kama unakuja? Amekwambia uende."

Nakuja aliapa kwamba kesho haitampita. Kesho ikanyesha mvua, na mvua ni kisingizio ambacho hakijawahi kumwangusha fundi yeyote. Jumanne kweli alikwenda, begani ana waya mpya. Alifika mpaka getini. Ndani watoto walikuwa wanaimba namba, na sauti zao zikamkata maini. Akajiuliza atasema nini. Akipanda juu ya dari, Mama Mlezi atataka kujua anatafuta nini, na akijua, mtaa utajua. Alisimama pale kama dakika tano, mkono juu ya kitasa. Halafu akageuka. Hapo ndipo mimi humkasirikia kuliko pengine pote, maana siku hiyo hakuwa mvivu wala msahaulifu. Alikuwa anailinda sura yake, na watoto walikuwa wanalala chini ya waya ule kila mchana.

Jumatano akaitwa kwenye duka la nguo lililoungua alfajiri. Zimamoto walikuwa wameshaondoka, sakafu imejaa maji meusi na vifungo vilivyoyeyuka. Mwenye duka, mwanamume mtu mzima, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaitazama milango yake.

"Fundi, nitazamie tu moto ulianzia wapi. Nataka kujua."

Nakuja akapanda ngazi. Juu, kwenye pembe, akakiona: nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole, na kilichobaki cha tepu nyeusi kimegandia kwenye ubao uliogeuka mkaa. Hakikuwa kiungo chake. Lakini mkono uliokisokota ulisokota vilevile kama wake, kwenda kulia, mara nne.

"Ni nini?" mwenye duka akauliza kutoka chini.

"Hitilafu ya umeme," alisema Nakuja.

Ndivyo tunavyosema siku zote, kwa sababu umeme hauna mdomo wa kujitetea.

"Afadhali hapakuwa na mtu ndani," mwenye duka akasema, akafuta uso kwa kiganja.

Nakuja alioga mara mbili siku hiyo. Harufu ya plastiki iliyoungua haikumtoka. Aliisikia kwenye shati safi, akaisikia kwenye chakula, akaisikia kwenye mto. Aliamua kwamba kesho, baada ya kazi ya ofisini aliyokwisha kuahidi, atakwenda bila kukosa.

Alhamisi asubuhi alipofumba macho kusali, hapakuja kitu. Alingoja. Kwa miezi sita neno lile lilikuwa linamfika kabla hata hajasema amina, na leo kifua kilikuwa kitupu. Angepaswa kushukuru kwamba ameachwa apumue. Badala yake vinyweleo vilimsimama. Akaenda kazini na kimya kile, na kimya kikamfuata hadi juu ya ngazi, katika ukumbi wa mikutano wa ofisi moja kubwa, ambako meneja alitaka taa kumi na mbili ziwake kabla wageni hawajafika saa tisa.

Ilikuwa saa saba na robo. Nakuja alikuwa ameshika taa ya tano, skrubu mbili mdomoni, wazo lilipomjia. Mtu anayetuma ujumbe kila siku huacha kutuma kwa sababu gani? Labda amemchoka anayetumiwa. Au labda ujumbe hauna kazi tena, kwa kuwa lililokuwa litokee limeshaanza.

Akatema skrubu kiganjani, akashuka.

"Vipi tena?" meneja akauliza.

Mdomo wa Nakuja ulikwisha kufunguka kwa lile neno. Lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi, kama miaka yote. Akalimeza kwa nguvu.

"Naondoka, meneja."

"Unaondoka unarudi saa ngapi?"

"Sijui kama narudi."

"Fundi! Ukivuka mlango huo umemwaga unga, hapa na kila ofisi ninayoijua!"

Akauvuka. Begi la vyombo alilisahau chini ya ngazi. Alipofika barabarani alitembea haraka, halafu akaona aibu ya kutembea, akatoka mbio, mtu wa miaka arobaini na nane mwenye kitambi, bisibisi moja mkononi. Dobi akamuuliza nani anamfukuza. Mtu mwingine akacheka, akasema leo Nakuja anakuja kweli. Hakumjibu yeyote.

Geti lilikuwa wazi. Uani palikuwa kimya kabisa, viatu vidogo vimepangwa ukutani, jozi ishirini na moja na kiatu kimoja kisicho na mwenzake. Mama Mlezi alimtokea mlangoni na kidole mdomoni.

"Taratibu, fundi. Ndiyo kwanza wamelala."

"Jiko limewaka?"

"Limewaka tangu saa tatu, nachemsha maji yao ya kunywa. Umefika vizuri, taa leo zinachezacheza. Nilisema kesho nikuite."

Hakumsikiliza. Alikimbilia swichi kubwa ukutani akaishusha, kisha akaingia chumba cha watoto. Walikuwa wamelala kwenye mikeka safu tatu, wengine midomo wazi, mmoja amekumbatia kiatu ambacho hakikupangwa na vingine. Akapanda juu ya kiti akaweka kiganja kwenye dari. Mbao zilikuwa za moto. Umeme ulikuwa umekatwa, na juu yake kitu kilikuwa bado kinatatarika polepole, peke yake.

"Watoke," alisema. "Wote. Sasa hivi."

"Fundi, hawa ukiwakatiza usingizi hawanyamazi mpaka jioni," Mama Mlezi alinong'ona. "Ngoja nusu saa tu, wanaamka wenyewe."

Alimtazama mama yule mwema, akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka katika kinywa cha mwingine, na ilimtisha kuliko moshi.

"Mama, hakuna kungoja."

Akawanyanyua wawili, mmoja kila kwapa, akatoka nao. Aliporudi, moshi mwembamba wa kijivu ulikuwa unateremka kutoka tundu la taa. Mama Mlezi aliuona. Hakupiga kelele. Alianza kuwaamsha kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ileile ya kila siku, akiwasukuma mlangoni bila viatu, huku Nakuja akibeba waliogoma kuamka. Majirani walisikia vilio wakaruka ukuta. Mtoto wa mwisho, mvulana mnene aliyekumbatia kiatu, hakufungua hata jicho. Nakuja alimtupa begani, akatoka naye, na walipofika katikati ya ua dari ikaanguka. Ilianguka kwa kishindo kimoja, mbao na maboksi na makaratasi yanayowaka, juu ya mikeka.

Mama Mlezi alihesabu vichwa mara tatu. Mara zote tatu walikuwa ishirini na wawili. Ndipo akakaa chini kwenye vumbi na kulia, huku majirani wakipitisha ndoo za maji na mchanga juu ya kichwa chake.

"Hitilafu ya umeme hiyo," mmoja wao alisema. Wengine wakaitikia.

Mama Mlezi akanyanyuka. Alimwendea Nakuja, akamshika mkono uliojaa masizi, akaubusu mbele ya watu wote.

"Mungu amekutuma, fundi," alisema. "Mungu amekutuma leo. Wanangu wangekufa wote."

"Amina," wakasema majirani.

Nakuja alizitazama nyuso zao. Hakuna aliyejua. Waya ulikuwa umeungua, tepu imeungua, na mtaa mzima ulikuwa unamtazama kwa macho ambayo hajawahi kutazamwa nayo tangu azaliwe. Angeweza kunyamaza tu. Hata kusema uongo hakukuhitajika.

"Hapana, mama," alisema. "Alinituma tangu mwezi wa tatu. Waya uliowasha moto niliuweka mimi, nikijua haufai. Kila siku aliniambia nije niutoe, na kila siku nilikataa."

Ndoo zikasimama. Mama Mlezi aliuachia mkono wake polepole. Alimtazama kwa muda, kama anayemtafuta mtu mwingine kwenye uso ule. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akamtoa yule mtoto wa kiatu, aliyekuwa bado amelala begani kwa fundi.