Ruhusa ya Mtu Mmoja

Ishaq bin Amur alikuwa mtu wa kula nje. Hata kwao Unguja, nyumba ikiwa na mama anayejua kupika mpaka majirani wakapiga chafya, yeye alipenda kukaa kwenye meza ya mkahawa, aletewe sahani na mtu asiyemjua, atazame wapitao njiani. Muhsina aliijua tabia hiyo tangu walipooana London, mume akisoma sheria na mke akisoma ualimu. Kiangazi cha mwisho kabla ya kurudi nyumbani walipanda treni wakaenda Paris, Vienna na Roma. Ishaq alijifunza kuuliza kwa lugha tatu kama chakula kimetiwa nguruwe. Wahudumu walicheka matamshi yake, kisha wakamwonyesha cha kula.

Vienna walikula nyama ya ndama iliyopondwa ikawa pana kupita sahani. Halafu wakaenda kwenye jumba la opera na tiketi za kusimama, wakabanana nyuma kabisa na wanafunzi wenzao. Mwanamke mmoja mnene akaimba peke yake, na Ishaq, ambaye hakuelewa hata neno, akatokwa na machozi mbele za watu wala asijifute. Muhsina alimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Kisha yakaja mapinduzi ya Unguja. Mwaka huo huo wa 1964 walikimbilia Maskati, Omani, nchi ya babu zao, wakaingia nyumba ya ukoo ndani ya ukuta wa mji, wao wawili na Bi Hind, mama yake Ishaq. Hapakuwa na mkahawa ambamo mume na mke wangekaa. Lango la mji lilifungwa usiku ulipoingia, na anayetembea gizani ilimpasa kubeba taa. Kutoka nchini kulitaka ruhusa, na ruhusa ilitoka Salala, mbali kusini, alikokaa Sultani, kwa njia ambazo hakuna aliyezielewa. Ishaq alipata kazi ya ukarani kwa tajiri mmoja wa nguo. Walivumilia, wakaambiana kuwa ni ya muda tu.

Mwaka wa 1966 wali ulianza kumkwama Ishaq kooni. Alidhani anakula haraka. Baadaye mkate nao ukagoma, kisha samaki, mpaka akabaki na uji na maziwa ya mgando, navyo anakunywa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. Daktari mgeni wa hospitali ya Matrah alimpima, akamwita Muhsina pembeni. Kuna kitu kimeota kwenye njia ya chakula, alisema. Kinaweza kukatwa, lakini si hapa. Ampeleke Ulaya, na asikawie.

Thani, binamu yake Ishaq, alikuwa mwandishi katika ofisi iliyopokea maombi ya safari. Muhsina alivaa baibui akamwendea.

"Yameshapelekwa Salala, shemegi," Thani alisema. "Tusubiri."

Akarudi tena na tena. Kila mara Thani alisimama, akamkaribisha kiti, akamuuliza hali ya mgonjwa, kisha akasema jibu halijaja. Muhsina akaanza kumchukia kwa ule upole wake.

Nyumbani Ishaq alikuwa anakwisha. Kanzu ilimning'inia kama imetundikwa ukutani. Jioni walikaa darini kutafuta upepo, na hapo ndipo alipoanza kumwomba mkewe amsimulie.

"Nipeleke Paris."

Muhsina akamsimulia mkahawa wa pale pembeni mwa kituo cha treni, supu ya vitunguu iliyofunikwa jibini, mhudumu mwenye masharubu. Mwanzoni ilimfurahisha. Alimwona mumewe akifumba macho, koo likipanda na kushuka kama anameza. Lakini Ishaq hakushiba. Alitaka kila jioni, tena alitaka kwa mpango wake, na mkewe akisahau kitu, hukasirika. Mkate ulikuja kabla ya supu, humkosoa. Ile picha kubwa ya malaika tuliiona Roma, siyo Paris. Muhsina akafika mahali akaichukia miji ile yote mitatu. Bi Hind alimvuta kando jikoni.

"Mwanangu, mwache na hayo mambo ya Ulaya. Mtu mwenye njaa hasimuliwi karamu."

"Ndicho anachotaka, mama."

"Nnajua. Na mimi ndiye ninayemsikia akilia ukishalala."

Jioni moja Muhsina aliishiwa. Akabuni mkahawa ambao hawakuwahi kuuona, kando ya mto, wenye mpiga fidla mzee na samaki wa kuchoma aliyewekwa ndimu. Alisimulia bila kumtazama mumewe. Ishaq alisikiliza mpaka sahani za hadithini zikaondolewa.

"Huko hatukwenda," alisema.

"Hatukwenda."

"Basi endelea. Huyo mzee alipiga nini?"

Muhsina akashindwa. Alijifunika uso kwa mtandio, akalia mbele yake kwa mara ya kwanza.

Jibu lilikuja mwanzo wa mwaka wa 1967. Thani alilileta mwenyewe, akalishika kwa mikono miwili. Ishaq bin Amur ameruhusiwa kusafiri kwa matibabu. Mke hakutajwa.

"Ni ya mtu mmoja," Thani alisema. "Tukiomba upya, tutaanza upya."

"Siendi," akasema Ishaq.

Thani alipoondoka, Muhsina alifunga mlango. Alimbembeleza, akamshika miguu. Alimwambia kuna Waunguja London watakaompokea.

"Ukipasuliwa utapona. Daktari kasema."

"Alisema mwaka jana."

"Basi nenda ukajaribu."

"Nitalala kwenye wodi ya watu, sina hata wa kumwambia koo linaniuma. Hapa nnakuona."

"Na mimi nitaona nini?" Sauti ya Muhsina ilibadilika. "Unataka nikae nikutazame unakufa njaa, kisha uyaite hayo mapenzi? Huo ni ubinafsi, Ishaq. Unaniua pamoja nawe."

Muhsina akatoa sanduku, akapanga nguo. Ishaq alimtazama, hakumzuia, na asubuhi ya safari alikubali kuvalishwa koti lake la London, lililomeza mabega yake. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa limeshafika nje. Alishuka ngazi akimwegemea mkewe, na katikati akaketi.

"Simama, mpenzi. Zimebaki chache."

Alitikisa kichwa. Muhsina alimvuta mkono, akamvuta tena kwa nguvu, kama mtu anayemtoa mwenzake majini.

"Mwache mwanangu," Bi Hind akasema kutoka juu. "Inatosha."

Gari likaondoka tupu. Mpaka leo Muhsina hajui kama ni miguu iliyokataa au ni moyo. Ishaq alifariki mwezi uliofuata, hata maji hayapiti. Bi Hind hakuchukua muda naye akamfuata.

Mwaka wa 1970 Sultani mpya alishika nchi, mambo yakageuka. Lango likaachwa wazi, watu wakaanza kusafiri watakavyo, na skuli ya wasichana ikafunguliwa. Muhsina akaajiriwa kufundisha. Aliomba pasipoti kwa sababu walimu wenzake wote waliomba, na Thani, ambaye sasa alikuwa na cheo kikubwa kidogo, akamletea nyumbani. Muhsina alimtilia kahawa barazani. Hawakuwa wamezungumza tangu matanga.

"Ungeleta ruhusa mbili mwaka ule," alisema, "ningekuwa na mume."

Thani alikishika kikombe bila kunywa. "Niliomba mbili, shemegi. Niliomba mara nne. Ya mwisho niliambiwa nikiuliza tena hata hiyo moja itafutwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa aende peke yake, ungenitaka niombe tena. Nilidhani atakwenda."

Muhsina alimwamini. Alimtazama yule mtu aliyezeeka kabla ya wakati wake, na ikamuuma kuliko alivyotarajia, kwa kuwa miaka mitatu ile alikuwa na wa kumchukia, na chuki ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Akamwambia kahawa inapoa. Thani akanywa, akaaga, na Muhsina akabaki amekaa pale pale barazani mpaka watoto wa jirani wakarudi kutoka madrasa.