Chachu Isiyo na Mnunuzi

Niliacha ualimu wa biolojia Kasulu kwa hiari yangu, mbele ya mkuu wa shule aliyeniuliza mara tatu kama nina akili timamu. Nilimjibu kwamba ninazo na za ziada. Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya pili, na mkononi nilikuwa na kitu nilichokiamini kupita kiasi: unga mweupe, chachu ya kulowekea muhogo.

Muhogo mchungu una sumu. Kwetu Murungu, upande wa Kibondo, akina mama huumenya, huuloweka kwenye pipa siku nne mpaka ulainike, huuanika, ndipo huutwanga. Njaa ikibana, watu hawasubiri siku nne. Nilisoma darasa la tatu na msichana aliyekuja shuleni akikimbia, na baada ya msimu mmoja wa ukame akawa analetwa mgongoni kwa kaka yake, miguu imekakamaa kwa sumu hiyo. Sikumsahau. Chachu yangu ilifanya kazi ya siku nne kwa siku mbili. Niliipima chuoni mpaka macho yakaniuma: unafungia unga wa muhogo ndani ya kichupa pamoja na karatasi ndogo ya njano, na kama sumu ipo, karatasi inageuka kahawia. Za kwangu zilibaki njano, zote.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kuomba.

Chuo kikaniambia utafiti umeisha, hiyo sasa ni biashara, nitafute wawekezaji. Wawekezaji wakaniambia hiyo bado ni utafiti, nirudi chuoni. Nilizunguka katikati yao miaka miwili na laptopu yenye kioo kilichopasuka, nikiandika maandiko ya mradi kwenye chumba cha kupanga Kasulu, nikijisifu kwa maneno ambayo ningeona aibu kuyasema mbele ya mama yangu. Majibu yalikuja na heshima nyingi. Wamevutiwa. Wananitakia kila la heri. Nilianza kuyachukia hayo maneno kuliko matusi.

Hatimaye mfuko mmoja wa Dar es Salaam ukakubali kuja kuona. Mtaji wao ungenijengea kijumba cha kuzalishia chachu mpya kila mwezi, na bila wao sikuwa na mlango mwingine wa kubisha. Sharti lilikuwa moja tu: wakutane na wateja.

Wateja nilikuwa nao, au nilidhani ninao. Msimu mzima nilikuwa nimewagawia akina mama wa kikundi cha mama yangu pakiti za majaribio bure. Siku ya wageni walivaa vitenge vizuri, wakapanga viti uani kwetu, wakapika. Wageni walikuja wawili, mama mmoja mtu mzima mwenye kalamu na daftari, na kijana wa ofisini kwake. Yule mama wa daftari akala, akasifia ugali, kisha akauliza swali lake.

"Pakiti ikiisha, mtanunua nyingine kwa bei gani?"

Akina mama wakatazamana. Mwenyekiti wa kikundi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akacheka kwanza.

"Kununua? Ya nini? Mimi nachota maji ya pipa la zamani, natia kwenye pipa jipya. Inaendelea yenyewe."

"Na jirani ambaye hakupewa?"

"Akiomba anapewa. Imefika mpaka Buhigwe hiyo, kwa shemeji zangu. Si ni mbegu? Mbegu ya muhogo inauzwa wapi, mama?"

Wote wakaitikia ndiyo kwa Kiha, "Ego, ego," wakiona fahari. Na mimi, Muha niliyezaliwa pale, niliyetumwa utotoni kupeleka mafungu ya miti ya muhogo ya kupanda kwa majirani bila mtu kudai hata asante, nilikuwa nimeandika kwenye andiko langu kwamba kila kaya itanunua pakiti moja kila mwezi. Mtu anayemnyima mwenzake mbegu ya muhogo kwetu husemwa mpaka msibani. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Kwenye karatasi nililisahau, kwa sababu karatasi ilikuwa ya watu wa Dar.

Wageni walipoondoka, akina mama waliwafungia chupa ya maji meupe ya pipa wakaloweke kwao. Kijana alinishika bega karibu na gari. "Broo, bidhaa yako inajizalisha yenyewe. Sasa nani atainunua?" Hakusema kwa ubaya. Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Walikuwa wamevutiwa.

Nilikasirika na kila mtu. Nilikaa Kasulu nikiwalaumu akina mama kwa ukarimu wao, mpaka nikajionea aibu. Nikajifariji kwamba basi angalau wanayo, wanakula salama, mtaji upotee lakini lengo limefika. Nikaenda Murungu na karatasi zangu chache zilizobaki ili nijipe moyo.

Zikageuka kahawia. Unga wa mwenyekiti, kahawia. Wa nyumba ya pili, kahawia. Wa mama yangu ulikuwa kahawia zaidi.

Nilipaswa kulitarajia. Maji yakihama pipa hadi pipa hubeba vijidudu vingine, na vile vyangu vinazidiwa vinakufa. Ndiyo maana nilitaka chachu mpya kila mwezi. Kwenye andiko nililieleza kwa kurasa mbili. Kwa akina mama sikuwahi kulisema, kwa sababu niliona litasikika kama ujanja wa muuza duka. Kitu walichokikumbuka kutoka kwangu kilikuwa kimoja: siku mbili zinatosha.

Nikapita nyumba kwa nyumba. "Chachu imechoka. Rudini kwenye siku nne, tafadhali." Walinikaribisha, wakanisikiliza, wakaitikia kwa adabu. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyenihurumia kwa kunieleza ukweli.

"Mwalimu, wale wageni wamekunyima hela. Sasa unasema yetu imeharibika ili tununue mpya. Tumekuelewa, usijali."

"Sina hiyo mpya, mama! Sina hata ya kukuuzia."

"Haya," akasema, akanipa viti vitatu vya kuchagua nikae.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anaopoa muhogo wa siku mbili.

"Mama, urudishe. Nimekwambia una sumu."

"Nimekusikia." Hakuacha kuopoa. "Wenzangu wanakucheka, mwanangu. Wanasema ulidanganya. Nikiloweka siku nne, watasema hata mama yake hamwamini."

Nilimbishia mpaka sauti ikakauka. Nilimweleza sumu, nilimweleza miguu ya yule msichana, nilimwambia nilikosea, nilikosea, nilikosea. Aliumaliza wote, akauanika juani pale ambapo kila anayepita njiani angeuona.

Ulipokauka akautwanga, akasonga ugali, akaweka sahani mbele yangu, na majirani walikuwa barazani wakitazama kama nitakula. Nilikula. Mama akawatazama, akaanza kula na yeye.