Baridi ya Nyumba ya Kambo

Juzi kaka yangu alitutumia ujumbe wa sauti kutoka Matadi. Mrefu kama kawaida yake, na nusu nzima ni kuhema tu. Matadi ni mji wa mawe, na mawe yakishashika jua hayaachii upesi. Analalamika kwamba klimatizeri, ile mashine ya kupoza hewa, inamla akiwa hai: umeme wake unameza pesa kuliko ada za shule, na akiizima mkewe ananuna na watoto wanatoka vipele. Dada yetu wa Kalemie akamjibu kwamba yeye hana mashine, ana ziwa, lakini upepo ukikata hata ziwa linakuwa supu. Mimi niko Lubumbashi, na watu wanasema Lubumbashi hakuna joto. Waje mwezi wa kumi wasimame mbele ya darasa lililojaa watoto, saa saba mchana, chini ya manjanja, yaani mabati kama wengine mnavyoyaita, ndipo waniambie vizuri.

Basi tukashindana hivyo, kila mtu akisifu joto lake kama vile ni mali. Mwishowe nilizima simu, nikaenda kukaa mlangoni na kikombe cha maji. Na wewe rafiki yangu, unajua mambo ya kukaa mlangoni. Kamina ikanijia yote.

Mtu asiyeijua Kamina hudhani kwetu ni joto mwaka mzima. Hapana. Mwezi wa sita na wa saba tulikuwa tunatetemeka, tunaota moto asubuhi huku midomo imepasuka. Joto lilikuja baadaye, mwisho wa mwezi wa nane, na lilikuja na moto wa pori. Watu walichoma nyasi za bondeni ili kuwinda panya, kama walivyofanya babu zao, na majivu meusi yalielea mpaka mjini yakatua juu ya nguo zilizoanikwa. Mama alikuwa anatukana moshi kama anavyotukana mtu. Kuanzia hapo mpaka mvua ya kwanza, jua lilikuwa linatutawala.

Baba yangu alikuwa fundi wa injini za treni. Katika miaka ile mizuri, mshahara ulipokuwa bado unafika, alinunua manjanja na kuyaleta kwa behewa kutoka Lubumbashi. Siku yalipopigiliwa, mtaa mzima ulikuja kutazama. Yaling'aa mpaka unafumba macho. Mama alipika bukari na sombe, ugali na kisamvu cha watu wote, na baba alitembea huku na huku mikono nyuma kama shefu wa stesheni. Kambo, ndiyo bibi yetu, mama yake baba, aliingia ndani mara moja tu. Akatazama juu, akagonga ukuta kwa fimbo yake, akatoka.

Akasema, "Minyi siko mukate. Siwezi kulala mu furu."

Watu walicheka sana, maana furu ni tanuri la mikate. Baba naye alicheka, ingawa nilimwona ameumia kidogo. Kambo akarudi kwenye nyumba yake ya nyasi, nyuma kabisa ya lupango letu, yaani kiwanja chetu, upande wa reli, na hakuna aliyemtoa tena.

Lo, nyumba ile! Kuta zake zilikuwa za udongo, nene. Nyasi za paa zilishuka chini mno, hata mtu mzima aliinama kuingia, na kambo alisema ni vizuri, wageni wajifunze heshima. Ndani kulikuwa na giza lenye harufu ya moshi wa zamani na mtungi uliolowa. Saa ya jua kali, nyumba ya baba ikianza kulia ta, ta, ta kwa bati kutanuka, sisi watoto tulikimbilia kwa kambo na kujilaza kwenye sakafu ya udongo, vichwa vimegusana. Alitupa munkoyo, kinywaji cha mahindi, kutoka kwenye chungu, tamu na baridi, mpaka meno yanashtuka. Kisha akatuamuru tunyamaze, maana alisema kelele zinaleta joto.

Na si sisi tu. Jirani yetu, mfanyabiashara wa chumvi na samaki wakavu, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema, alikuja na mkeka wake baada ya sala ya adhuhuri. Alisimama nje akapiga hodi na kusema, "Mama, nimekuja kukopa baridi kidogo." Na kambo akamjibu kutoka ndani, "Ingia, lakini usiimalize." Walisema hivyo kila siku, na kila siku walicheka.

Baridi ile haikuwa ya bure. Kila mwaka, kabla ya moto wa pori, kambo mwenyewe alikwenda na wanawake bondeni kuchagua nyasi. Si nyasi yoyote tu. Aliivunja, akainusa, akaitafuna ncha yake, akawaambia hii ndiyo, ile ni ya kulisha mbuzi. Ilibidi ikatwe ikiwa imekauka lakini moto haujafika. Ukichelewa, unakuta majivu, na hapo utangoja mpaka mwaka wa pili. Tulibeba matita kichwani mpaka shingo zikaingia mabegani, huku tunajikuna, na kambo anatukemea nyuma kwamba tunatembea kama watu walioajiriwa.

Halafu mambo yakaanza kuharibika, polepole. Treni zikapungua. Mshahara ukawa hadithi. Umeme ukakatika na mtu akazoea. Halafu vita ikaja, na treni zilizokuwa zinatuletea sukari zikaanza kuleta askari. Waliweka mabehewa kwenye reli ya pembeni, nyuma tu ya lupango letu, yamefunikwa maturubai, na mlinzi akawa anazunguka hapo mchana kutwa. Hatukuambiwa kuna nini ndani. Nani angeuliza?

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa likatoka agizo. Nyumba zote za nyasi zilizo karibu na reli zivunjwe, maana cheche moja tu inaweza kuruka kutoka jikoni kwenda kwenye paa, na kutoka kwenye paa kwenda kwenye mabehewa. Hata majani juu ya manjanja yalikatazwa, kwa sababu wengine walizoea kutandika nyasi juu ya bati wakati wa joto. Askari aliyelitangaza alisema kwa Kilingala, na kijana mmoja akatafsiri. Kambo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama wamemaliza.

Baba akavaa shati lake la kazi, lile zuri, akaenda kumwona komanda. Hakwenda kukataa. Alikwenda kuomba muda tu, mpaka mvua ianze, joto likatike, mama yake apite salama. Kambo alikuwa mzee, presha ilikuwa inamsumbua, na baba alijua fika kwamba mama yake hawezi kuumaliza mwezi wa kumi chini ya bati. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yetu, hakuna nyingine.

Komanda alikaa katika nyumba ya zamani ya wakubwa wa reli. Tulijua ana grupu, jenereta kubwa iliyonguruma kutwa. Baba alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, dada yangu mdogo alikimbia kumshika mkono akapiga ukelele. Mkono wa baba ulikuwa baridi. Katika jua lile! Sote tukamrukia, tukaweka mashavu kwenye mikono yake, kwenye shati lake, ambalo lilikuwa kavu na baridi kama limetoka kisimani. Tulikuwa tunacheka. Hiyo ndiyo klimatizeri ya kwanza maishani mwangu, ile iliyobaki kwenye ngozi ya baba yangu, na haikudumu.

Baba hakucheka. Alisimama tu akatuacha tumshike. Akamweleza kambo kwamba komanda amempokea kwa heshima, amempa kiti, amesema anasikitika, naye ana mama. Lakini hapana.

Kambo akamuuliza, "Mule ndani, iko baridi?"

"Iko baridi sana, mama."

"Basi hawezi kusikia."

Tuliivunja wenyewe. Baba hakutaka askari waiguse. Jirani wetu alikunja mikono ya kanzu akapanda juu, na nyasi zikashuka kwa mafungu, na vumbi la miaka, na mijusi wanaokimbia hawajui waende wapi. Kambo alikaa kwenye kiti chake, ametupa mgongo, anamenya karanga. Hakugeuka hata mara moja. Mimi nilikuwa namtazama yeye kuliko nyumba, na nilichukia kila mtu mkubwa, hata baba, kwa kuwa hawana nguvu.

Utaniambia, si mngejenga nyingine mbali na reli? Hata askari walisema hivyo, ng'ambo ya barabara ruksa. Lakini kwa nyasi ipi? Bonde lilikuwa limeshaungua. Baba alitembea kutwa nzima akarudi na suruali nyeusi mpaka magotini, mikono mitupu. Nyasi za nyumba iliyovunjwa zilikuwa zimezeeka, zinavunjika mkononi kama biskuti. Agizo lingekuja mwezi mmoja mapema, tungekata. Lilikuja baada ya moto.

Jirani akampa kambo stoo yake ya matofali mabichi, yenye kuta nene. Akakaa huko kidogo, akinung'unika kuhusu harufu ya samaki, nasi tukaanza kupumua. Kisha wakaja watu waliokimbia kutoka upande wa Malemba-Nkulu, na watoto wenye miguu iliyovimba, na kulikuwa hakuna pa kuwaweka. Kambo mwenyewe ndiye aliyekunja mkeka wake akamwachia nafasi mama mwenye kichanga. Tulimsihi. Akasema hawezi kulala akimtazama mtoto wa watu anakaangwa nje.

Basi akaingia katika nyumba ya manjanja. Asubuhi alikaa upande huu wa ukuta, jioni upande ule, anafuata kivuli, na saa sita kivuli kinapokwisha hakuwa na pa kwenda. Mama alitundika magunia yaliyolowa mlangoni, lakini pompu ya mji ilikuwa haina mafuta na maji tuliyachota mbali, kwa hiyo ilibidi kuchagua kati ya kulowesha gunia na kunywa. Baba alimpepea kwa kipande cha kartoni mpaka mkono ukamfa ganzi. Mtu aliyeweza kuamsha injini iliyolala miaka, ameshindwa na joto la chumba kimoja. Kambo akaacha bukari. Akaacha kutukemea, na hapo ndipo tulipoogopa kweli.

Siku moja akasema anataka kwenda kwao, kijijini upande wa Kabongo, kwa mdogo wake. Baba akakataa. Alisema huko ndiko vita inakoelekea. Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa mama yake.

Kambo akamjibu taratibu kabisa. "Mwana wangu, hapa nitakufa na weye utaona. Kule nyumba ya nyasi iko. Niache."

Baba alitoka nje. Tulimwona anafunga mto wa nyasi kwenye kariya ya kinga, ndiyo baiskeli, ya kijana mmoja aliyekuwa anasukuma chumvi ya jirani vijijini. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Asubuhi mapema kambo akapanda, kitenge kilicholowa kimefunika kichwa chake, akiwa mwepesi kama mtoto. Alituambia tusitembee juani bila kitu kichwani. Kijana akaanza kusukuma, naye hakugeuka, kama ambavyo hakugeuka siku ya nyumba.

Haukupita muda, barabara ikafungwa. Kijana wa kinga hakurudi. Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, ikapiga manjanja kwa kelele hata hatukusikiana. Nyumba ikapoa yote, ikawa baridi tamu, na mama akaanza kulia.

Vita ilipotulia baba alikwenda kutafuta. Kijiji kilikuwa kimeungua, watu wametawanyika. Mmoja alimwambia kambo alifika, wakamwona akicheka chini ya nyasi. Mwingine akaapa hakufika kabisa. Kaburi hakuna aliyelionyesha.

Nilirudi Kamina mwaka jana. Upande wetu wa reli sikuona nyumba hata moja ya nyasi, ni manjanja mpaka macho yanauma. Wanawake waliojua kutafuna ncha ya jani na kusema hii ndiyo, wamekwisha. Vijana wanaota klimatizeri. Siwalaumu, hata mimi naiota.

Lakini lililobaki kwetu ni hili. Wazee wetu walitufundisha kwamba ukimlilia mtu aliye hai, wewe ndiye uliyemwua. Kwa hiyo baba hakuweka kilio cha mama yake. Miaka ilikwenda, naye anasema tungoje. Tulipomzika baba mwenyewe, wazee wa ukoo walituita pembeni, sisi watoto watatu, wakasema kambo kwa umri wake hawezi kuwa bado yupo, basi tuwalilie wote wawili kwa mara moja. Ilitosha mmoja wetu kusema ndiyo. Kaka akanitazama, mimi nikamtazama dada, dada akatazama chini. Hakuna aliyesema.